Bima ya Nyumba na Baiskeli ya Mwanachama

Mazungumzo kwa Makatibu wa vyama vya msingi na wanachama wao



Mkulima wa Ringwani anapolipwa fedha za mazao yake akanunua baiskeli, hanunui chombo cha matembezi. Baiskeli hiyo hupeleka mahindi mashineni, huleta madumu ya maji, hubeba muhogo hadi gulioni, na usiku wa dharura humfikisha mgonjwa zahanati. Ikiibwa, kazi zote hizo hurudi kichwani na mgongoni, na kwa kawaida kichwa kinachozipokea ni cha mama wa nyumba. Kwa hiyo mwanachama ana haki ya kumwuliza katibu wake swali hili: Je, mtu akikata bima ya nyumba yake, baiskeli iliyomo ndani nayo imekatiwa bima?

Jibu ni kwamba huenda imo na huenda haimo. Hata ikiwa imo, huenda imo kwa nusu ya thamani yake, au imo wakati inapokuwa ndani tu, na ulinzi huo ukaishia pale gurudumu la mbele linapovuka kizingiti. Baiskeli ni mali ya nyumbani ambayo siku nzima haiko nyumbani, na bima ya nyumba iliandikwa kwa ajili ya mali inayokaa, kama kitanda, kabati, redio na cherehani. Anayechagua bima bila kulitazama jambo hilo hulipa ada mwaka baada ya mwaka kwa ajili ya saa ambazo baiskeli yake imelala.

Wazee watakumbuka kwamba kwa muda mrefu hapakuwa na cha kuchagua. Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawa ndilo pekee lenye kufanya biashara ya bima Tanzania Bara. Sheria ya Bima ya mwaka 1996 iliwafungulia mlango wafanyabiashara wengine, na Sheria ya mwaka 2009 ikaweka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, yaani TIRA, iwe ndiyo inayosajili makampuni, mawakala na madalali wa bima na kuwasimamia. Leo makampuni ni mengi, na hata mabenki huuza bima kwa niaba ya makampuni hayo. Uhuru huo wa kuchagua umekuja na kazi yake. Zamani karatasi ilikuwa moja; sasa ni nyingi, zinazofanana vichwa vya habari na kutofautiana katika maandishi madogo ya ukurasa wa nne.

Hati ya bima ya nyumba kwa kawaida huwa na sehemu mbili zinazoweza kununuliwa pamoja au mbalimbali. Sehemu ya kwanza ni jengo lenyewe, yaani kuta, paa, milango na madirisha. Sehemu ya pili ni vyombo vya ndani. Mwanachama aliyekopa benki kwa rehani ya nyumba mara nyingi hutakiwa na benki akate bima ya jengo, naye huirudisha karatasi nyumbani akiamini kwamba kila kilichomo kimelindwa. Sivyo. Bima ya jengo hailipi hata kijiko. Baiskeli, kama imo popote, imo katika sehemu ya pili.

Na katika sehemu hiyo ya pili upo mpaka ambao watu wengi hawauoni mpaka siku ya hasara. Makampuni mengi huweka kiwango cha juu cha malipo kwa kitu kimoja ambacho hakikutajwa kwa jina. Iwe mfano, mwanachama amekatia vyombo vyake vyote bima ya shilingi 5,000,000, na hati inasema kwamba kitu kimoja kisichotajwa hakitalipwa zaidi ya asilimia 5 ya jumla hiyo. Asilimia 5 ni shilingi 250,000. Baiskeli yake ya gia aliinunua kwa shilingi 700,000. Ikiteketea pamoja na nyumba, atapewa zile 250,000, na lawama haitakuwa ya kampuni, kwa kuwa sharti lilikuwa limeandikwa. Dawa yake ni nyepesi: baiskeli iandikwe kwa jina lake katika orodha ya vitu vya thamani inayoambatishwa kwenye hati, pamoja na aina, rangi, namba ya fremu na bei. Ada itaongezeka kidogo. Lakini kitu kilichoandikwa kwa jina kina mahali pake pa kusimama siku ya kudai.

Sasa hapana budi kutazama jambo ambalo fomu za bima zinazochapishwa mijini hazilijui sawasawa, nalo ni mji wa mkulima. Fomu huuliza: nyumba ina kuta za nini na paa la nini? Anayejibu kutoka mtaa wa Mugumu au Tarime mjini hana shida, kwa maana nyumba yake ni moja. Katika vijiji vya Ringwani mji mmoja waweza kuwa na nyumba ya mama mkubwa, nyumba ya mama mdogo, nyumba ya vijana, jiko la nje na ghala, zote ndani ya ua mmoja. Nyumba kubwa ina bati na kuta za tofali. Jiko lina nyasi na kuta za udongo. Mwenye mji hujaza habari za nyumba kubwa, ndiyo anayoionea fahari, na kampuni hukubali. Lakini baiskeli hulala wapi? Mara nyingi hulala jikoni au katika nyumba ya vijana, kwa sababu mwenye kuitumia alfajiri hataki kuwaamsha wengine.

Baiskeli ikiibwa jikoni, kampuni itauliza kama jiko limo katika hati. Kama halimo, hakuna dai. Kwa hiyo kila jengo la mji ambalo mali hulala ndani yake litajwe katika fomu, na paa lake lisemwe lilivyo. Paa la nyasi laweza kupandisha ada, na yapo makampuni yasiyokubali kabisa jengo la nyasi. Hilo ni bora lijulikane mapema kuliko kufichwa. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa anayejaza fomu, na kampuni inaporuhusiwa na sheria kuuvunja, sababu yake ya kwanza huwa ni jambo kubwa lililofichwa. Katibu anayemsaidia mwanachama asiyejua kusoma kujaza fomu anabeba dhamana kubwa hapa. Asiandike bati palipo na nyasi kwa nia ya kumpunguzia ada, kwani atakuwa amemnunulia karatasi tupu.

Lipo na neno la wizi lenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku, mali ikitoweka imeibwa, basi. Katika hati nyingi za bima ya nyumba, wizi unaolipwa ni ule ulioacha dalili za kuvunja: kufuli lililokatwa, mlango uliong'olewa, dirisha lililobomolewa, ukuta uliotobolewa. Mtu aliyeingia kwa mlango uliorudishiwa tu bila kufungwa, akatoka na baiskeli, ni mwizi mbele ya hakimu, lakini mbele ya hati huenda si mwizi wa kulipiwa. Vilevile, makampuni kwa kawaida hayalipi mali iliyochukuliwa na mtu wa nyumbani au mgeni aliyekaribishwa. Kijana wa shangazi aliyekuja kwa mavuno akaondoka na baiskeli ni shauri la ukoo.

Nchi zenye baiskeli nyingi zimeyapitia haya zamani, na sheria zao ndogondogo zinafundisha. Nchini Ujerumani hati nyingi za zamani za bima ya vyombo vya ndani zilikuwa na sharti la usiku: baiskeli iliyoibwa nje kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi haikulipwa, isipokuwa kama ilikuwa inatumika wakati huo au ilikuwa imefungiwa chumbani. Mtu aliyeiacha imefungwa kwa kufuli nje ya mlango wake mwenyewe alijikuta hana kitu. Nchini Uholanzi kampuni za bima ya baiskeli hutaka mwenye kudai alete funguo zote mbili za asili za kufuli. Asiyeweza kuleta ule wa pili huulizwa kama kweli baiskeli ilifungwa, au ufunguo uliachwa ukining'inia. Katibu anayesoma hati ya kampuni ya Dar es Salaam asishangae akikuta masharti ya ukoo huohuo. Ayatafute: baiskeli ifungwe kwa nini, ifungwe wapi, na funguo ngapi zihifadhiwe.

Baada ya kuyajua ya ndani ya nyumba, linabaki lile kubwa la njiani. Mkulima anayetoka Ringwani kwenda Mugumu, au anayevuka Mto Mara kwa barabara ya kwenda Tarime, huiegesha baiskeli yake nje ya duka, nje ya ofisi ya kata, nje ya kanisa, chini ya mti wa gulio. Hapo ndipo inapoibwa kwa wepesi zaidi. Bima ya vyombo vya ndani, kwa maana yake ya kawaida, haifiki hapo. Ili ifike, mwenye bima hana budi kununua nyongeza inayolinda kitu kilichotajwa dhidi ya hatari za namna zote, ndani na nje ya nyumba. Si kila kampuni huitoa nyongeza hiyo kwa baiskeli, na zinazoitoa huitolea bei. Mwanachama akiambiwa na wakala kwamba "kila kitu kimo", aombe aoneshwe mstari wenye kusema kwamba kimo hata nje ya nyumba. Mstari usipoonekana, hakimo.

Hata nyongeza hiyo ina ukingo wake, nao ni biashara. Bima ya nyumba ni ya matumizi ya nyumbani. Usafiri wa bodaboda ulianza miaka ya 1960 mpakani Busia, baina ya Kenya na Uganda, kwa baiskeli zilizobeba abiria kwa malipo. Baiskeli ya namna hiyo, hata ikilala ndani ya nyumba yenye hati, huhesabiwa chombo cha biashara. Je, mkulima anayebeba gunia lake mwenyewe kulipeleka ghala la chama anafanya biashara? Akili ya kawaida yasema la. Na akibeba na la jirani kwa shilingi 2,000? Na anayezungusha maziwa kila asubuhi? Hapo ndipo ubishi huanza, na ubishi huo ufanyike kabla ya kutia sahihi. Katibu aiandikie kampuni barua fupi akieleza kazi halisi ya baiskeli za wanachama wake, na ajibiwe kwa barua. Barua mbili hizo zafaa kuliko maneno matamu ya nusu saa.

Baiskeli za umeme, ambazo zimeanza kuonekana katika miji ya Afrika Mashariki, zina swali lao la pekee. Yenye mota ya kusaidia tu mwendeshaji anayekanyaga yaweza kukubaliwa kama baiskeli. Inayokwenda yenyewe pasipo kukanyagwa huenda ikahesabiwa pikipiki, nayo pikipiki haimo katika bima ya nyumba hata kidogo, bali ina bima yake ya vyombo vya moto. Anayenunua ya namna hiyo aulize kwanza.

Yupo pia mwanachama ambaye kwake chombo hiki ni miguu: mwenye ulemavu anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendeshwa kwa mikono. Vyombo hivyo ni ghali, vipuri vyake ni adimu, na mwenyewe hawezi kungoja mavuno yajayo. Kama chama kina fedha ya kumsaidia mwanachama mmoja tu alipe ada ya kutajwa kwa kitu katika orodha, huyu ndiye.

Suala la thamani nalo linataka hesabu, na hesabu hii imewaumiza wengi. Bima hurudisha mtu mahali alipokuwa kabla ya hasara. Haimpandishi juu zaidi. Baiskeli iliyonunuliwa kwa shilingi 600,000 ikatumika miaka 4 katika njia za mawe, haina tena thamani ya 600,000. Kampuni itakata uchakavu, isipokuwa kama hati inasema wazi kwamba kipya kitalipwa badala ya cha zamani. Zaidi ya uchakavu kuna lile fungu la kwanza la hasara ambalo mwenye bima hulibeba mwenyewe kila mara. Na zaidi ya yote hayo kuna adhabu ya kukadiria mali chini ya thamani yake. Iwe mfano, vyombo vya nyumba moja vina thamani ya shilingi 4,000,000, naye mwenyewe, ili ada iwe ndogo, ameandika 2,000,000. Amekatia nusu. Baiskeli ya thamani ya shilingi 400,000 ikiibwa, kampuni yenye sharti la uwiano italipa nusu, yaani 200,000. Ikitoa fungu la kubebwa na mwenyewe, tuseme 50,000, mkononi zitabaki 150,000. Ni fedha halali, na hazinunui baiskeli.

Kwa sababu hiyohiyo yapo mahali ambapo bima si chaguo la busara, na katibu mwema atasema hivyo waziwazi. Baiskeli kuukuu ya shilingi 120,000, yenye ada ya mwaka ya shilingi 20,000 na fungu la kubebwa na mwenyewe la shilingi 50,000, haifai kutajwa katika orodha yoyote. Mwenye nayo anunue mnyororo mzito na kufuli zuri, aifunge kwenye nguzo ya nyumba hata inapokuwa ndani, na fedha inayobaki aiweke akiba katika SACCOS. Bima yafaa pale ambapo hasara ingeiangusha nyumba, au ingeacha deni.

Na deni ndilo linalostahili kukaliwa zaidi katika vyama, kwa maana baiskeli nyingi za bei kubwa hazinunuliwi kwa fedha taslimu. Mwanachama hukopa SACCOS, hununua, hukatwa kidogo kidogo kila msimu. Akiibiwa katika mwezi wa tatu, mkopo hauibwi. Atakatwa msimu mzima kwa ajili ya kitu kilichokwisha kuuzwa Musoma au ng'ambo ya mpaka, huku akitembea kwa miguu kwenda kukatwa. Hapo mara nyingi hutokea mkanganyo: mwanachama hukumbuka kwamba siku ya kukopa alilipa "bima ya mkopo", akadhani ndiyo hiyo. Bima ya mkopo, kwa kawaida, hulipa deni pale mkopaji anapofariki au kupata ulemavu wa kudumu. Haijui habari za baiskeli. Ni wajibu wa anayetoa mkopo kulisema hilo siku ya kutia sahihi, si siku ya kilio. Na kama chama kinataka baiskeli iwe ndiyo dhamana ya mkopo, basi ni halali kitake pia ikatiwe bima kwa jina lake, na hati itaje maslahi ya chama ili malipo yapunguze deni kwanza.

Hapa pana tahadhari ya kinyume chake. Baiskeli iliyo mali ya chama, ambayo mpima mazao au karani huilaza nyumbani kwake, haimo katika bima ya nyumba ya karani huyo. Si mali yake, na mtu hawezi kukatia bima mali ambayo hasara yake haimgusi. Chama chenyewe kiikatie, kwa jina lake, na ionekane katika daftari la mali za kudumu.

Wapo watakaosema: kwa nini wanachama wasichangishane wenyewe, kila mmoja shilingi 5,000 kwa mwaka, atakayeibiwa akanunuliwa nyingine? Wazo hilo lina asili njema. Ndivyo watu wanavyozikana na kuuguzana. Lakini kusaidiana ni jambo moja, na kuahidi fidia kwa malipo ya ada ni jambo jingine. Sheria ya mwaka 2009 hairuhusu kufanya biashara ya bima pasipo kusajiliwa. Mfuko wa kusaidiana uwe wa kusaidiana: mkutano mkuu uupitishe, uamue kiasi cha mkono wa pole, na usitoe karatasi yenye neno "bima". Na wasidanganyike kwamba utatosha. Wezi wakipita kijiji kimoja usiku mmoja wakachukua baiskeli sita, mfuko wa watu arobaini umekwisha.

Njia nyingine ya ushirika ni kununua pamoja, nayo ina historia. Vyama vya Uingereza vilianzisha kampuni yao ya bima huko Rochdale mwaka 1867. Karibu zaidi, wanaushirika wa Kenya walianza mwaka 1968 na shughuli ya bima ndani ya shirikisho lao, wakaenda miaka kumi ya kujifunza, na mwaka 1978 ndipo wakapata leseni ya kampuni kamili. Ndiyo inayojulikana leo kwa jina la CIC. Hakuna haja ya chama cha msingi kuota kampuni. Lakini chama kinachoweza kuiendea kampuni kikiwa na baiskeli 80 zilizoorodheshwa vizuri, zenye namba za fremu na stakabadhi, kina sauti ambayo mkulima mmoja hana. Chaweza kuomba hati moja ya kundi, yenye nyongeza ya nje ya nyumba, yenye maelezo ya matumizi ya shamba, na yenye fungu dogo la kubebwa na mwenyewe. Kampuni hukubali haraka pale inapoona orodha imetunzwa na watu wanajuana. Ila chama kisikusanye kamisheni kama wakala kabla ya kusajiliwa na TIRA, na fedha ya ada isikae hata wiki moja katika sanduku la chama. Ada isiyofika kampuni haijaanzisha bima, hata kama mwanachama ana risiti ya chama mkononi.

Orodha hiyo ya baiskeli yastahili neno zaidi, kwa kuwa inafaa hata kwa asiyekata bima. Zamani serikali za mitaa zilitoza leseni ya baiskeli na kutoa kibati chenye namba. Watu walikichukia kibati kile, na walikuwa na sababu, maana wengi walikimbizwa vichakani na wakusanya ushuru. Hata hivyo kilikuwa na faida moja iliyosahauliwa: baiskeli ilikuwa na jina lililoandikwa mahali. Leo baiskeli ikipatikana kituo cha polisi, watu watatu huweza kuidai, na kila mmoja atasema yake ni nyeusi. Namba ya fremu ndiyo inayomaliza ubishi. Imegongwa kwenye chuma, mara nyingi chini ya mahali pa kanyagio au kwenye bomba la tandiko. Yataka kufuta matope na kuisoma kwenye mwanga. Katibu aiandike katika daftari, pamoja na jina la mwenye baiskeli, aina, rangi, alama ya pekee kama keria iliyochomelewa au tandiko lililoshonwa upya, tarehe na bei ya kununuliwa. Stakabadhi ya duka ipigwe picha kwa simu, na nakala ikae kwa chama, si ndani ya nyumba ileile itakayoungua.

Aliyenunua baiskeli ya mtumba kwa mtu, bila stakabadhi, ana kazi zaidi. Aandikishiane na muuzaji mbele ya mtendaji wa kijiji, namba ya fremu ikiwa katika maandishi hayo. Kampuni yaweza kuyakubali au kuyakataa, na hilo lijulikane kabla ya kulipa ada. Kwa vyovyote, anayekataa kuandikishiana anaeleza habari ya baiskeli yake bila kufungua kinywa.

Siku ya hasara ikifika, mwenye bima asianze kwa kusaka mwizi siku tatu. Sungusungu na wafuate nyayo, ni kazi yao na wanaijua. Yeye aende polisi siku hiyohiyo apate namba ya RB, kwa maana barua ya kijiji peke yake haitoshi kwa kampuni nyingi. Kisha aiarifu kampuni ndani ya muda uliotajwa katika hati, ambao waweza kuwa siku chache mno, kwa maandishi, akitaja namba ya hati na namba ya fremu. Mlango uliovunjwa usitengenezwe kabla ya kupigwa picha. Kufuli lililokatwa lisitupwe. Ikiwa baiskeli itapatikana baada ya kampuni kulipa, ni mali ya kampuni, na kuificha ni kosa. Wapo makampuni yatakayomwachia mwenyewe kwa kurudisha fedha.

Dai likikataliwa, mwanachama aombe sababu kwa maandishi, zikitaja sharti lililovunjwa. Akiona hazikubaliki, asikubali kuzungushwa baina ya wakala na tawi. Aandike malalamiko kwa kampuni yenyewe. Asiporidhika, afike TIRA, ambayo kwa mikoa ya Ziwa ina ofisi Mwanza, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa chini ya Sheria ya mwaka 2009 ili migogoro midogo isilazimike kwenda mahakamani. Kwa barua hizo zote, katibu aambatishe ukurasa wa daftari la baiskeli, nakala ya stakabadhi, namba ya RB, na ile barua ya kampuni iliyojibu, kabla ya ada kulipwa, kwamba gunia la jirani linalobebwa njiani halihesabiwi biashara.